Nani anashika kisu? Maswali ya madaktari walio mafunzoni

Barua za safari hii zimetoka kwa maintern (madaktari wapya walio kwenye mazoezi ya kazi), marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa) na msimamizi mmoja. Nimezifupisha, na majina ya watu na hospitali nimeyaondoa.

Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa pili wa uzamili wa upasuaji, Dar es Salaam, na darasani kwetu mwanamke ni mimi peke yangu. Tukiingia thieta, chumba cha upasuaji, wenzangu wanapewa kisu, mimi naambiwa nishike ritrakta, kile chuma cha kuvuta jeraha liwe wazi, au niandike noti. Nikisema, naambiwa nina hasira. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Anza na logibuku, daftari lako la kesi. Kila kesi andika tarehe, aina ya upasuaji na ulichofanya: ulitazama, ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya mwenyewe. Baada ya miezi mitatu kaa na mwenzako unayemwamini, mlinganishe. Ukienda kwa msimamizi na maneno kwamba unaonewa, mtabishana hadi jioni. Ukimwambia, "Mwenzangu ameshapasua ngiri kumi na mbili, mimi mbili, naomba zile mbili za Jumanne ijayo," atalazimika kukujibu kuhusu Jumanne.

Na ninyi wakuu wa idara msinikimbie. Tatizo hili mara nyingi wala halianzi na chuki. Ni saa sita usiku, daktari bingwa amechoka, anampa kisu yule aliyezoea kumpa. Huyo anazidi kuwa mwepesi wa mkono, na kesho anapewa tena kwa kuwa ni mwepesi. Mwaka wa mwisho ukifika mnashangaa kwa nini binti "hajiamini". Jina la atakayepasua liandikwe kwenye orodha ya thieta tangu jana yake, kando ya jina la mgonjwa. Usiku wa manane hakuna mwenye nguvu ya kutenda haki.

Tafuta pia wakubwa nje ya hospitali yako. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika chenye makao yake Arusha, kina mtandao wa wanawake wapasuaji. Nyumbani kuna MEWATA, chama cha madaktari wanawake, tangu 1987. Na akitokea wa kukuuliza utaolewa lini huku mikono yako iko tumboni mwa mgonjwa, mwambie utamletea kadi ya mchango. Kisha mrudishe kwenye kesi.

Dokta, mimi ni intern Kanda ya Ziwa, nimesoma shule ya kata. Kwenye raundi nikiwasilisha mgonjwa Kiingereza kinanigomea, bingwa anacheka, na wote wanacheka. Siku hizi nasimama nyuma kabisa.

Rudi mbele. Mgonjwa alikueleza kwa Kiswahili, pengine kwa Kisukuma kupitia kwa mjukuu wake, ukayageuza yote hayo kuwa historia ya ugonjwa kwa lugha ya tatu kabla hata ya chai. Hiyo ni kazi ngumu. Jitengenezee kadi ya mfukoni yenye mpangilio usiobadilika: jina, umri, kilichomleta na kwa muda gani, ulichokiona ulipompima, vipimo, unachodhani ni nini, unachotaka kufanya. Sentensi ziwe fupi. Kabla ya raundi msomee intern mwenzako mgonjwa mmoja kwa sauti. Wiki chache tu utaona tofauti.

Bingwa, nawe nina neno lako. Unayemcheka ndiye aliyekesha na mgonjwa. Ukishamfundisha kunyamaza, siku moja atanyamaza nayo habari kwamba tangu saa nane usiku mfuko wa mkojo haujaongezeka hata tone. Msahihishe dawa na dozi mbele ya watu ukitaka, ila matamshi yake yaache.

Mimi ni Msabato. Kila mwezi nabembeleza nisipangwe Ijumaa jioni na Jumamosi. Wenzangu wameshaanza kuninunia.

Wananuna kwa sababu unaomba kila mara na hawaoni unachorudisha. Nenda kwa mpangaji kabla orodha ya zamu haijatoka, useme zamu za Jumapili zote na za Krismasi utazifanya wewe. Kama kuna Mwislamu kwenye timu, mpokee saa ya futari mwezi mzima wa Ramadhani, umshikie zamu na siku ya Idi, naye akushikie Jumamosi. Ila dharura haina sabato. Hata Heri, hospitali ya Kisabato kule Kigoma, mgonjwa mahututi haambiwi asubiri jua lizame.

Naandika kutoka Kenya. Wizara imenituma intanshipu kaunti ambayo si ya kwetu. Kwenye chumba cha chai wanaongea lugha yao, hata makabidhiano ya wagonjwa yanateleza humo humo.

Chai waachie, watu wako mapumziko, na ukijifunza salamu tano wataanza kukufundisha ya sita. Makabidhiano ni suala jingine, hapo mgonjwa anaweza kufa. Mwambie msimamizi wako kwa maandishi kwamba yafanywe kwa lugha ambayo kila aliye zamu anaielewa. Kama unafikiria kuomba kazi hapo baadaye, ujue sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Usijiondoe mwenyewe kabla hujaomba.

Nimesomea udaktari China. Wodini wananiita "Mchina", na nikikosea kitu kidogo chuo changu ndicho kinachotukanwa.

Profesa Esther Mwaikambo, anayetambulika kuwa mwanamke wa kwanza daktari Tanzania, alisomea Umoja wa Kisovieti. Wakikuita Mchina tena, waulize na yeye walimwita Mrusi? Halafu mwombe aliyesomea hapa akupitishe kwenye miongozo ya matibabu ya nchi. Hilo ndilo pengo la kweli, na linazibika.

Mimi ni bingwa, nasimamia maintern. Tulichapisha fulana na kufanya bonanza ili wawe kitu kimoja. Bonanza lilinoga, Jumatatu kila mtu akarudi kwenye kikundi chake.

Bonanza endeleeni nalo, pilau haina madhara. Ila watu huzoeana wakikesha pamoja, kwa hiyo fungua orodha ya zamu uone nani anapangwa na nani. Mkiwaachia wachaguane, waliosoma chuo kimoja watakesha wenyewe kwa wenyewe mwaka mzima. Changanya jozi kila wanapohama idara. Kisha nenda kakikague chumba cha kupumzikia walio zamu. Kama ni kimoja na vijana wa kiume wamekijaza, mabinti wanasinzia kwenye viti vya manesi. Fulana za mwaka huu ziahirisheni, pesa hiyo inunue vitanda viwili vya chumba cha pili na komeo linalofungwa kwa ndani. Fundi anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja.