Matokeo ya Juni 2024 na kibali chako: jibu kwa wa nyumbani

Mama mdogo, shikamoo. Wadogo zangu, hamjambo. Sauti zenu zote nimezisikiliza. Mama mdogo ameambiwa arusini kwamba chama cha kufukuza wageni kilishinda uchaguzi Ujerumani, na sote tulio huku tutarudishwa. Nyinyi vijana mmeambiwa Ujerumani hiyohiyo ina nafasi 250,000 za Wakenya, na kuna ajenti ameshaanza kupokea pesa. Habari hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja, na bado zote mbili zinaaminiwa. Zimenikera kwa sababu ya kwanza inamnyima mama usingizi na ya pili itauza shamba la mtu.

Tuanze na hiyo kura. Tarehe 9 Juni 2024 Ujerumani ilichagua wabunge wake 96 wa Bunge la Ulaya, bunge lenye viti 720 vya nchi 27. Msilipime kwa bunge letu la Afrika Mashariki kule Arusha, ambako wabunge tisa wa kila nchi huchaguliwa na bunge la nchi yao. Huku raia mwenyewe huingia kituoni, hupewa karatasi ndefu yenye vyama 34, na huweka alama moja tu. CDU, chama cha kihafidhina, na ndugu yake wa jimbo la Bavaria, CSU, walipata asilimia 30 na viti 29. AfD, ndicho hicho mlichotajiwa, kilipata asilimia 15.9 na viti 15. SPD, chama cha Olaf Scholz aliyekuwa kansela, kiliambulia asilimia 13.9 na viti 14. Chama cha Kijani kiliporomoka kutoka asilimia 20.5 za mwaka 2019 hadi 11.9.

Kwa hiyo AfD kilikuwa cha pili, tena kwa mbali. Aliyesema kilishinda ameangalia ramani ya mashariki peke yake. Huko kweli kiliongoza katika majimbo yote matano, ukiiweka kando Berlin: Sachsen asilimia 31.8, Thüringen 30.7. Hamburg kilipata kama asilimia 8. Ni nchi moja, lakini kuishi Hamburg na kuishi kijiji cha Sachsen si sawa kwa mtu mweusi, na mwenye kuwaambia ni sawa anawadanganya. Ukipata mikataba miwili ya kazi yenye mshahara unaokaribiana, tazama matokeo ya wilaya kabla hujatia sahihi. Ukipata mmoja tu, na uko Sachsen, uchukue. Kibali kikishatulia utahama.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni hesabu ya viti. Katika kura ya Ulaya Ujerumani haina kizingiti, yaani asilimia ya chini ambayo chama lazima kiifikie ndipo kipate kiti. Mahakama ya Katiba ilikifuta cha asilimia 5 mwaka 2011, kisha cha asilimia 3 mwaka 2014. Ndiyo maana vyama vilivyopata asilimia 0.6 tu viliondoka na kiti kimoja kimoja. Bunge la taifa, Bundestag, lina kizingiti cha asilimia 5. FDP, chama kidogo cha kiliberali, kilipata asilimia 5.2 na viti vitano Juni 2024. Februari 2025 kilipata asilimia 4.3 katika kura ya taifa, na hakikuambulia hata kiti kimoja. Mtu akichukua matokeo ya Ulaya akawatabiria serikali ya Berlin, mnyamazisheni hapo hapo.

Sasa kuhusu kufukuzwa. Bunge la Ulaya halitoi viza ya kazi wala kibali cha kukaa, na halimpandishi mtu ndege. Mkataba wa uhamiaji na hifadhi wa Umoja wa Ulaya, ambao nao mliutaja, ulipigiwa kura na bunge lililotangulia, Aprili 2024, na sehemu yake kubwa ni ya wanaoomba hifadhi. Ada ya viza ya Schengen, ile ya ziara fupi, ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 tarehe 11 Juni, siku mbili baada ya uchaguzi, watu wakaiita adhabu ya AfD. Ilikuwa imeamuliwa kabla mtu yeyote hajapiga kura. Kibali cha anayefanya kazi au kusoma Ujerumani kiko chini ya sheria ya Ujerumani, mezani kwa ofisi ya wageni ya mji anaoishi.

Basi msisumbukie kura hiyo. Lakini pia msiipuuze, maana ilionyesha upepo unakoelekea. Novemba 2024 serikali ya Scholz ikavunjika, Februari 2025 AfD kikafika asilimia 20.8, na serikali iliyofuata ikakaza masharti. Njia ya kuomba uraia baada ya miaka mitatu kwa waliofanya vizuri sana ilifutwa tarehe 30 Oktoba 2025. Iliyobaki ni ya miaka mitano, badala ya minane ya zamani, na ruhusa ya kuwa na uraia wa nchi mbili bado ipo tangu 27 Juni 2024. Mkenya anaweza kushika zote mbili, katiba ya 2010 inamruhusu. Jamaa zetu wa Tanzania hawana bahati hiyo, wakichukua wa Ujerumani wanaupoteza wa kwao. Uraia unataka Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati, mtihani wa uraia wenye maswali 33 (majibu 17 yakiwa sahihi umepita), kipato chako mwenyewe, na euro 255. Halafu unasubiri, na katika miji mingi kusubiri kunapita mwaka.

Bila uraia huna kura. Tarehe 9 Juni umri wa kupiga kura ulikuwa 16 kwa mara ya kwanza katika uchaguzi huo, na kuna nyumba ambamo binti aliyezaliwa hapa na mwenye uraia alipokea barua ya kumwita kituoni, huku mama yake mwenye kibali cha kudumu akiisoma tu na kuirudisha mezani. Anayelipa kodi miaka kumi na mbili haulizwi. Hilo linauma kuliko baridi.

Lakini kinachowarudisha watu wengi nyuma ni tarehe. Kibali hakiandikwi kupita mwisho wa pasipoti. Pasipoti yenye miezi minane itakupa kibali cha miezi minane, na euro 93 za kuongeza muda utazilipa tena. Njoo na pasipoti mpya. Ukishakuwa huku, omba kuongezewa muda miezi mitatu kabla, na usikubali kibali kiishe hata kwa siku moja kabla hujatuma ombi. Uthibitisho wa kutuma, wenye tarehe, uuchape na uuweke.

Ofisi ikichelewa watakupa karatasi ya kukunja iitwayo Fiktionsbescheinigung, ya kukushikilia kwa muda wakati unasubiri. Ndani ina visanduku, na kisanduku kilichotiwa alama ndicho kila kitu. Kikiwa ni cha kifungu cha 81 cha sheria ya ukaaji, aya ya 4, kibali chako cha zamani kinaendelea pamoja na ruhusa yake ya kazi, na unaweza kusafiri ukarudi. Kikiwa ni cha aya ya 3, ukitoka Ujerumani hutaingia tena kwa karatasi hiyo. Watu wamekwenda kuzika Mombasa na kukwama huko kwa kutosoma mstari huo. Ofisi ikikaa kimya zaidi ya miezi mitatu bila sababu ya maana, sheria inakuruhusu kuishitaki mahakama ya utawala. Barua ya wakili peke yake mara nyingi huamsha faili.

Hizo nafasi 250,000, wadogo zangu, hazipo. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto akiwepo. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo waziwazi. Makubaliano hayana idadi yoyote, na sehemu yake inahusu kuwarudisha Kenya wasio na haki ya kubaki. Kila mwombaji anapita mlango uleule: cheti kinachotambuliwa, lugha, mkataba, na viza ya taifa ya euro 75 inayolipwa ubalozini. Anayetaka kusoma anaweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, na kila mwezi hutoka 992. Hizo ndizo kodi ya chumba, bima na chakula. Za kutuma nyumbani hazimo, kwa hiyo msiwaahidi wazee.

Nawaambia msije kwa habari hizi. Na yule mwenye diploma ya uuguzi aje, ila aanze Kijerumani wiki hii na asiache mpaka ashike cheti cha B2, kiwango kinachofuata B1, maana wauguzi wanatakiwa kweli.

Mama mdogo, ajenti asipewe shilingi nyingine. Kama ameshachukua, mdaini risiti yenye jina la mwajiri wa Ujerumani na mji wake, kisha mnipigie picha mnitumie. Na nitumieni ukurasa wa pasipoti wa kila anayetaka kuja, ule wenye tarehe ya mwisho.