Kwa mnaoanza kazi ya disaini: ukihamisha vitu vya watu bila kuwaambia

Nyie vijana mliotoka chuo juzi juzi, mko fildi au ndo mmepata ajira ya kwanza kwenye hizi ofisi za kutengeneza saiti na app, kuna kitu darasani hawakukifundisha. Darasani wamekufundisha rangi, fonti, nafasi, umechora skrini mwalimu kafurahi umepata A yako. Hawajakuambia siku mnaiweka hewani, asubuhi watu wanaamka wanakuta kila kitu kimehama, mnatukanwa mpaka unajiuliza hivi hawa ni wateja ama kuna mtu kawatuma.

Mfano nnaowapa vijana wote wanaokuja kukaa meza ya jirani na mimi ni Flickr. Najua wengi mnaisikia tu. Hii saiti ya picha ilianza 2004 Vancouver, Canada, chini ya kampuni ndogo ya Stewart Butterfield na Caterina Fake (huyo Butterfield ndo baadae akaja na Slack, app ya kutumiana meseji maofisini), mwaka uliofuata Yahoo wakainunua. Miaka ile ukiwa mpiga picha wa kueleweka lazima uko Flickr. Alafu Yahoo wakaisahau. Simu janja zikaja, Instagram ikaanza 2010, Flickr iko vile vile kama ilivyoachwa. Julai 2012 Marissa Mayer akachukua ubosi pale Yahoo na watu wakaanzisha kabisa ukurasa wa kumuomba mama huyu tafadhali irudishe Flickr kwenye ubora wake. Wameomba wenyewe eeh, shika hapo kwanza.

Tarehe 20 Mei 2013 wakapewa. Siku moja, bila taarifa. Ukifungua ukurasa wako unakuta picha zimejaa ukuta hadi ukuta, zimebanana, ile nafasi nyeupe iliyokuwa inazunguka kila picha hakuna, kichwa cha picha hukioni mpaka upeleke kimshale cha mausi juu yake, ukiskroli haina mwisho. Na nafasi ya kuhifadhi picha ya terabaiti 1 (kama GB 1,000) ya bure kwa kila mtu, ambayo kwa 2013 ilikuwa sio mchezo. Hapohapo na bei ikachezewa, ile Pro (akaunti ya kulipia) ya dola 24.95 kwa mwaka wakaacha kuwauzia watu wapya, ukitaka usione matangazo ni 49.99, ukitaka terabaiti ya pili ni 499.99. Na siku hiyohiyo wakatangaza wanainunua Tumblr, mtandao wa blogu, kwa dola bilioni 1.1. Juu ya hapo Mayer akajibu swali kwa namna ambayo watu walisikia anasema siku hizi hakuna tena wapiga picha wa kulipwa, ikabidi aombe radhi. Yaani siku ile kila aliyekuwa na akaunti alipata cha kumkera.

Malalamiko yakaja kwa maelfu. Na hapa ndo nataka mkae vizuri.

Kijana mpya akisoma malalamiko anaona matusi tu. Mbaya. Rudisheni ya zamani. Nahama. Anasoma kumi anachoka, anamgeukia mwenzake anasema "watu hawapendi mabadiliko, watazoea". Hiyo sentensi siipendi kabisa, na mkikaa na mimi msiitumie mpaka mmemaliza kusoma. Maana ukipita hayo matusi, kwenye sentensi ya pili au ya tatu mtu anakuambia kazi yake imekwama wapi. Huyu anasema kompyuta yake inaganda. Huyu intaneti ya kijijini kwao haifungui ukurasa wenye picha kubwa zote hizo kwa mpigo, na sisi tunaonunua bando tunaelewa vizuri kabisa maana ya ukurasa unaoendelea kujipakia wenyewe kila ukigusa kioo. Huyu macho yanamuuma, kichwa kinazunguka. Huyu hayaoni maneno yake.

Huyo wa maneno ndo nnamkalia sana. Chukua mtu anayepiga picha za ndege. Picha moja ya ndege mdogo kahawia na nyingine ya ndege mdogo kahawia, mimi na wewe tunaona kitu kimoja. Yeye kazi yake iko kwenye kichwa, jina la ndege, chini yake kaandika kampigia wapi na mwezi gani. Ukificha hayo maandishi mpaka mtu apeleke mausi, umemuachia rundo la ndege wa kahawia. Au chukua maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress, ambao Januari 2008 ndo walifungua nao mpango wa Flickr Commons, wanaweka picha za zamani na watu wa kawaida wanakuja kwenye maoni wanasema huyu ni fulani, jengo hili lilikuwa mtaa fulani. Pale picha bila maandishi ni nusu ya kitu. Sasa anakuja mdisaini anaona maandishi kama uchafu unaozuia picha isipendeze. Ni kweli imependeza, mimi mwenyewe nikiangalia skrinishoti za siku ile nasema imependeza, kwa mtu anayepita. Kwa mwenye akaunti ya miaka nane imeharibika.

Na wale walioomba je? Waliomba wajaliwe. Saiti iache kuzeeka, app ya simu iwe ya maana, wakiandika hitilafu mtu ajibu. Hakuna aliyeomba akilala aamke kabati limehamishwa. Kwaiyo bosi akikuambia "si wao wenyewe walitaka mabadiliko" muulize walitaka yapi, na mwambie akuonyeshe waliandika nini.

Sasa nisiwadanganye, kuna wakati wanazoea kweli. Septemba 2006 Facebook walileta ile habari ya kuona mambo ya marafiki zako yote yanashuka mbele yako ukifungua tu, watu wakacharuka, wakaunda kundi la kupinga ndani ya Facebook yenyewe, Zuckerberg akaomba radhi akaongeza sehemu za kuficha mambo yako, lakini kile kitu kipo mpaka leo na kila app imekiiga. Mabosi wote wanaujua huu mfano na watakutupia. Ukitupiwa, nawe mtajie Snapchat. Mwanzoni mwa 2018 walibadilisha mpangilio, wakachanganya meseji na stori za marafiki sehemu moja, watu zaidi ya milioni 1.2 wakasaini ombi la kurudishiwa ya zamani, bosi wao Evan Spiegel akatoka kusema malalamiko yale yanazidi kuonyesha walichofanya ni sahihi. Robo ya pili ya mwaka huo wanaoingia kila siku wakashuka kutoka milioni 191 hadi 188, na mwezi Mei walishaanza kurudisha baadhi ya vitu.

Utatofautishaje sasa kelele ya kuzoeleka na isiyozoeleka? Mimi naangalia kama mtu analalamikia macho au mkono. Rangi mpya, nembo mpya, fonti, hiyo ya macho, wiki mbili imeisha hakuna anayekumbuka. Lakini mtu akisema nilikuwa nabonyeza mara moja sasa nabonyeza mara nne, au nilikuwa naona kitu fulani na sasa sikioni, hiyo mpe mwaka mzima bado ipo, tofauti ni kwamba atakuwa ameacha kulalamika kwa sababu kashaondoka.

Instagram ya Januari 2025 ilikuwa na vyote viwili kwa pamoja. Zile picha za mraba kwenye profaili zikafanywa za kusimama, ndefu. Wengi kelele zao zilikuwa za macho, profaili yangu ilipangika sasa imevurugika. Lakini mfikirie dada anayeuza vitenge, hana duka, profaili yake ndo duka, kila posti ni bango la mraba, kushoto kaandika bei kulia kaandika namba ya simu. Mraba ukilazimishwa kusimama unakatwa pembeni. Bei inapoteza tarakimu ya mwanzo, namba ya simu inabaki tarakimu saba. Dada wa watu alikuwa haandiki "bei njoo inbox" kama wenzake, sasa kageuzwa kuwa mmoja wao bila kutaka. Huyo usimwambie atazoea, ana mabango ya kutengeneza upya, na kama angejua wiki mbili kabla angekuwa ameanza na yale yanayouza.

Kitu kingine, mtu akikuta saiti imebadilika ghafla wazo lake la kwanza huwa vitu vyangu vimepotea. Hii nimeijua kwa kukaa na watu wa kastoma kea, na nawashauri kila mmoja wenu akiwa mpya aombe kukaa nao asubuhi moja, asiguse kitu, asikilize simu tu. Tuliwahi kupokea saiti ya picha za harusi ambayo kampuni nyingine ilikuwa imeshaibadilisha kabla yetu, na ile batani iliyoandikwa "Pakua albamu" wakaiondoa wakaweka kialama cha kimshale kwenye kona, kizuri, kidogo. Mama mmoja akapiga simu. Hakuuliza batani iko wapi. Alisema "mwanangu, picha za harusi ya binti yangu mmezipeleka wapi?" Na sauti yenyewe ilishaanza kubadilika. Picha zilikuwepo zote, ila aliyepokea simu ilibidi kwanza ambembeleze "mama hazijapotea, ziko salama mama, tulia nikuelekeze" ndo waanze kuutafuta huo mshale pamoja. Simu za namna hiyo zilikuwa nyingi, na voisi za WhatsApp za dakika tatu tatu, na zote zinaanzia hapo.

Ndo maana tangazo la mabadiliko likiandikwa na watu wa masoko mimi huwa naomba nilione. Wao wanaandika "Tunayo furaha kuwatangazia muonekano mpya na wa kisasa", sasa hiyo inamsaidia nini yule mama. Tuliposogeza tena vitu kwenye saiti ileile tuliweka utepe juu ya ukurasa siku kadhaa kabla, umeandikwa hivi: "Picha zako hazitaguswa na linki ulizotuma kwa ndugu zitafanya kazi kama kawaida. Kuanzia Jumatatu batani ya kupakua albamu itakuwa juu upande wa kulia. Bonyeza hapa uone ukurasa utakavyokuwa." Basi. Cha kwanza hakijapotea kitu, cha pili kimehamia wapi, cha tatu njoo ujaribu sasa hivi ukiwa bado una muda wa kutugombeza. Na wakaja kutugombeza kweli, na mambo mawili matatu waliyosema tuliyarekebisha kabla ya Jumatatu yenyewe. Jumatatu nasema makusudi, sio Ijumaa jioni, mambo ya kudiploi (kuweka mabadiliko hewani) Ijumaa mtajifunza wenyewe.

Na msiwafungulie watu wote kwa mpigo. Anza na wachache, uwe na swichi ya kuzima ambayo umeshaijaribu, na anayepewa hiyo swichi awe macho siku hiyo. Hata wakubwa linawapata, Desemba 27 mwaka 2018 Instagram walikuwa na jaribio la kupitia picha kwa kuswaipu pembeni badala ya kushuka chini, lilitakiwa liende kwa watu wachache sana, kwa hitilafu likaenda kwa wengi, mtandao mzima ukawaka moto wakalizima haraka. Walikuwa na pa kuzimia. Ukiwa umeandika ya mpya juu ya ya zamani na huna pa kurudi, utakaa hapo unasoma matusi huku unarekebisha kitu kimoja kimoja.

Nimalizie na Flickr maana haikuishia pale. Aprili 2018 SmugMug, kampuni nyingine ya kuhifadhi picha, wakainunua, na Novemba mwaka huo wakatangaza ile terabaiti ya bure inakufa, akaunti ya bure mwisho picha 1,000, zikizidi za zamani zitafutwa. Ukipima, hili ni kubwa kuliko lile la 2013, kule vilihamishwa hapa vinafutwa. Watu walikasirika sana tu, ila safari hii kulikuwa na miezi mbele yao, waliotaka kulipa wakalipa, waliotaka kuondoka wakaanza kushusha picha zao. Wakashusha wengi kwa wakati mmoja kiasi kwamba tarehe ya kuanza kufuta, Februari 2019, ikabidi isogezwe hadi Machi. Kwaiyo kabla hujaandika tarehe kwenye tangazo lako, nenda kaijaribu kwanza hiyo batani ya kupakua, na uijaribu kwa akaunti iliyojaa, usijaribie ile yako yenye picha sita za paka.