Magego yanapomnyima mtoto usingizi

Meno ya mbele yakishatoka yote, wazazi wengi hudhani shughuli ya kuota meno imekwisha. Kumbe kazi ngumu ndiyo inaanza. Magego ya kwanza hutoka kwa kawaida kati ya miezi 13 na 19, chonge kati ya miezi 16 na 23, na magego ya nyuma kabisa kati ya miezi 23 na 33. Gego lina kichwa kipana chenye vilima kadhaa, na kila kilima hupasua ufizi kwa zamu yake. Ndiyo maana mtoto hulala vizuri siku mbili, kisha akaanza upya kulia. Mchana michezo humsahaulisha; usiku hana cha kumshughulisha, anabaki na maumivu yake.

Kwanza hakikisha ni jino. Nawa mikono, mlaze mapajani kichwa kikielekea kwako, kisha pitisha kidole cha shahada kati ya shavu na ufizi. Usikipitishe kati ya meno, atakung'ata. Kifikishe nyuma kabisa. Ufizi unaotaka kutoa gego umevimba, na chini yake unagusa kitu kigumu chenye kingo. Wakati mwingine utaona kilengelenge cha rangi ya samawati juu ya jino. Hiyo ni damu kidogo iliyokusanyika, na mara nyingi hupasuka yenyewe. Usikitoboe, na ufizi usichanjwe kamwe.

Kidole kikiwa hapo hapo, sugua taratibu kwa dakika moja au mbili, ukikandamiza kiasi. Atakunja uso mwanzoni, halafu utaona taya linalegea. Baridi nayo husaidia sana: lowesha kitambaa safi cha pamba, kikamue, kiweke kwenye jokofu kwa nusu saa, umpe akitafune ukiwa umemshika. Usikigandishe kwenye friza, maana barafu huunguza ufizi. Na usimwache alale na kitu mdomoni wala kilichofungwa shingoni. Mikufu ya kuotea meno imewahi kunyonga watoto. Kwangu mimi haina nafasi kabisa.

Hayo yasipotosha, paracetamol ya maji ndiyo dawa ya kuanza nayo. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara moja kila saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu chupa hazilingani nguvu. Mtoto wa kilo 10 anahitaji takriban mililita 4 hadi 6 za dawa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini mililita 2 hadi 3 tu za ile yenye miligramu 250. Soma lebo kila unaponunua chupa mpya. Pima kwa bomba la dawa, si kijiko cha jikoni, na andika saa uliyompa, kwa sababu saa nane za usiku ukiwa na usingizi hutakumbuka. Kama anatumia dawa ya mafua, angalia isiwe nayo ina paracetamol. Mpe nusu saa kabla ya kulala, kisha mpige mswaki, maana dawa nyingi za maji zina sukari. Aspirini asipewe. Jeli za kutia ganzi zenye benzocaine pia hapana: mate huziosha upesi, na zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Kabla ya kumlaza, kausha mate kidevuni na shingoni, upake mafuta ya mgando. Ngozi iliyochubuka kwa mate humwamsha kama jino lenyewe.

Akiamka, usiwashe taa kubwa wala kumtoa chumbani. Mpe maji, msugue ufizi, mpapase mgongoni, mrudishe kitandani. Chupa ya maziwa au juisi ya kulalia itaozesha meno hayohayo yanayotoka.

Joto la nyuzi 38 au zaidi, kuharisha au kutapika visihesabiwe kuwa ni meno. Kufanya hivyo huwachelewesha watoto wenye maradhi mengine kupata tiba. Akivuta sikio inaweza kuwa ni gego, lakini akiwa na homa, au akilia zaidi kila unapomlaza, sikio lipimwe. Akikataa kunywa na nepi ikakaa kavu kwa saa nyingi, mpeleke hospitali.

Usumbufu wa jino moja kwa kawaida huchukua siku chache kabla na baada ya kuchomoza. Jino likishaonekana na ufizi umetulia, lakini bado anaamka saa ileile kila usiku, hayo si maumivu tena, ni mazoea. Acha dawa, punguza kumbeba, na umpapase akiwa kitandani mwake, kila usiku kwa muda mfupi zaidi.