Betri mpya, gari haliwaki: maswali ya chaji na ethi kwenye magari ya zamani

Majibu mengi hapa chini yanahitaji mita ya umeme. Ya bei nafuu inatosha. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa betri), kipimo cha 20, isipoelezwa vingine. Testa ya taa haifai kwa kazi hii, kwa sababu kitaa chake kidogo huwaka vizuri hata kwenye waya uliobakiwa na nyuzi mbili.

Nimebadilisha betri mara mbili na bado asubuhi stata inazunguka kwa kujivuta. Nianzie wapi?

Usinunue ya tatu kwanza. Acha gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi, kabla hujawasha chochote, gusisha waya za mita kwenye nguzo zenyewe za betri, si kwenye vibano vya waya. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki kama robo. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utapata namba tamu lakini ya uongo. Kama huna muda wa kusubiri, washa taa kubwa dakika mbili, zima, ngoja kidogo ndipo upime.

Hatua ya pili, chomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili (inayozalisha umeme wa plagi) ili injini isiwake, halafu mtu apige stata kwa sekunde kumi huku wewe ukitazama mita. Betri iliyokuwa na 12.6 ikaanguka chini ya 9.6 imechoka ndani. Lakini ikibaki kwenye 11 na ushee na stata bado inajivuta, usiilaumu betri: ama umeme unapotea njiani, na hilo linajibiwa kwenye swali linalofuata, ama stata yenyewe ina kasoro.

Hatua ya tatu, rudisha waya wa koili, washa injini na uikanyagie mafuta hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Kwenye nguzo za betri unatafuta 13.8 hadi 14.5. Washa taa kubwa, feni na waipa kwa pamoja; namba itashuka kidogo, ila isiende chini ya 13. Ikishuka mpaka 12 na kitu, betri ndiyo inayobeba mzigo wote na altaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haisaidii. Betri nyingi hutupwa kwa kosa hilo.

Nikipiga stata nasikia "tak" moja tu na taa za dashibodi zinazimika. Juzi kebo ya choki ilitoa moshi. Betri ni mpya kabisa.

Huo moshi umeshakupa jibu. Stata hula ampea 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi, na zote lazima zirudi kwenye nguzo hasi ya betri. Injini imekalia mipira, na mipira haipitishi umeme. Ndiyo maana kuna waya wa ethi, mara nyingi ule mpana uliosukwa, unaounganisha injini au gia boksi na bodi. Ukikatika au kuoza, umeme hupita popote penye chuma: kebo ya choki, kebo ya mafuta, hata kebo ya spidi. Kebo hizo hazikutengenezwa kwa mzigo huo, kwa hiyo zinaungua. Acha kabisa kupiga stata mpaka utengeneze, maana kebo ya mafuta ikiyeyuka ganda inaweza kukwama ikiwa imevutwa.

Waya huo usiupime kwa omu (kipimo cha ukinzani). Mita ikipima omu hupitisha umeme mdogo mno, na uzi mmoja wa shaba utaonekana mzima. Fanya hesabu: ukinzani wa omu 0.02, ambao mita ya kawaida haiwezi kuuona, ukipitiwa na ampea 150 unakula volti 3. Betri yenye 11 inabaki kuipa stata 8.

Pima umeme ukiwa unapita. Waya mweusi wa mita uguse nguzo hasi ya betri, mwekundu uguse chuma cha injini ulichokikwangua, kwa mfano kichwa cha bolti ya altaneta. Mtu apige stata. Volti 0.2 au chini yake ni safi. Ikikaribia 0.5 anza kusafisha. Ikipita hapo kuna kasoro, na kwenye gari linalounguza kebo usishangae ukiona 3 au 4. Sasa gawa njia vipande: kutoka nguzo hadi kibano chake, kutoka kibano hadi bodi, kutoka bodi hadi injini. Kipande ambacho namba inaruka ndicho kibovu. Mara nyingi ni kibano na nguzo, kwa sababu unga mweupe hujificha ndani huku nje pakionekana pasafi.

Ukitaka uhakika wa haraka, funga waya wa kubusti kutoka nguzo hasi moja kwa moja hadi kwenye injini. Stata ikizunguka kwa nguvu, umemaliza kutafuta.

Kutengeneza kwenyewe ni kazi ya mikono. Toa waya hasi wa betri kwanza, na uwe wa mwisho kurudishwa. Fungua bolti ya ethi, kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, upande wa bodi na upande wa waya pia. Weka washa (ringi ya chuma) yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu. Baada ya kukaza, si kabla. Waya mpya usiwe chini ya milimita 25 za mraba, na kwa injini ya dizeli weka 35 au zaidi. Acha ulegevu kidogo, kwani injini hutikisika na waya uliovutwa hukatika tena.

Upande chanya nao una vibano na miunganisho. Pima kutoka nguzo chanya hadi bolti nene ya stata huku stata ikizunguka, isizidi 0.5.

Taa ya betri kwenye dashibodi inawaka hafifu injini ikinguruma, hasa usiku. Nikipima naona 13.9. Niipuuze?

Hapana. Kitaa hicho kimekaa kati ya umeme wa swichi na umeme wa altaneta. Pande mbili zikilingana, hakiwaki. Kikiwaka hafifu, pande hazilingani: ama daiodi moja ya altaneta (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) imekufa, ama umeme unapungua kwenye swichi au miunganisho yake.

Kutofautisha, weka mita kwenye volti za AC (umeme unaogeuka-geuka) na uguse nguzo za betri injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Daiodi nzima huacha chini ya 0.1. Ukiona zaidi ya 0.5, fungua altaneta. Tahadhari: baadhi ya mita nafuu husoma DC kana kwamba ni AC. Ukipata kama 28 upande mmoja, na sifuri ukigeuza waya, mita hiyo haifai kwa kipimo hiki.

Kisa cha kinyume ni kitaa kisichowaka kabisa unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini. Altaneta nyingi za zamani huamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyohiyo. Ikiungua, altaneta hulala mpaka uikanyagie sana, au haichaji kabisa. Weka balbu ya wati zilezile. Ya LED hupitisha umeme mdogo mno. Balbu ikiwa nzima, tazama kaboni za altaneta, zinazopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka: zilizobakiza milimita 5 hivi zibadilishwe. Na fanbelti, ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba, iingie milimita 10 hadi 13 tu.

Betri inachemka, ina harufu ya mayai yaliyooza, na naongeza maji kila wiki. Balbu nazo zinaungua mfululizo.

Pima chaji kwenye mizunguko 2,000. Ikipita 15, regyuleta, inayodhibiti volti za chaji, haizuii tena. Kabla ya kuinunua, kama gari lako lina regyuleta ya pembeni iliyofungwa kwenye bodi, safisha ethi yake. Regyuleta yenye ethi mbovu huona volti pungufu kuliko zilizopo, hivyo huzidisha chaji. Ni bolti mbili tu kukwangua.

Kama chaji ni 14.2 na betri bado inanuka, kuna seli iliyokufa. Ipime kwa haidromita (kipimo cha uzito wa asidi), betri ikiwa imechajiwa: seli nzima husoma karibu 1.270, na inayopishana na wenzake kwa 0.050 imekwisha. Kuongezea, tumia maji yaliyokenekwa tu. Asidi usiongeze, kwa kuwa kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji. Na usiwashe kiberiti karibu. Gesi inayotoka ni haidrojeni.

Gari likikaa siku mbili betri inaisha. Chaji ni nzuri.

Kuna kitu kinanyonya. Zima kila kitu, funga milango, toa kibano hasi, kisha unganisha mita kati ya kibano na nguzo, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la ampea 10. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika.

Gari la zamani lenye saa na redio lisizidi ampea 0.05. Ukiona 0.5, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 inafika nusu kwa siku mbili. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ishuke. Mshukiwa wa kawaida ni taa ya buti au ya kisanduku cha dashibodi isiyozimika. Ikiwa fyuzi zote zimetoka na namba haijashuka, toa waya mnene wa altaneta na uufunge kwa mkanda usiguse bodi: daiodi inayovuja haipiti kwenye fyuzi hizo.

Ni kweli naweza kupima altaneta kwa kutoa waya wa betri injini ikiwaka?

Usifanye. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa, volti huruka ghafla na kuua daiodi na regyuleta.

Nikiwasha indiketa ya nyuma, taa ya breki nayo inapepesa.

Ethi ya taa hiyo ya nyuma. Umeme wa indiketa unarudi kupitia balbu za jirani. Kwangua tundu la balbu na skrubu inayoshika taa kwenye bodi, au vuta waya mpya wa ethi hadi kwenye bodi.

Gari langu la miaka ya 1950 lina dainamo (mashine ya kuchaji iliyotangulia altaneta) na halichaji likisimama kwenye foleni. Betri nayo imefungwa chanya kwenye bodi. Kuna aliyekosea?

Hakuna. Magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yalifungwa ethi chanya, na dainamo haitoi cha maana injini ikizunguka polepole, kwa hiyo kitaa kuwaka kwenye foleni ni kawaida. Ikiwa haichaji hata barabarani, toa waya za D (unaotoa umeme) na F (wa fildi, yaani sumaku yake) kwenye dainamo, unganisha vituo hivyo viwili kwa waya mfupi, na upime kutoka hapo hadi kwenye mwili wa dainamo huku ukipandisha mizunguko taratibu hadi 1,000. Volti zikipanda bila kurukaruka, dainamo ni nzima. Tafuta kwenye regyuleta na waya. Usiache zifike 20. Ukibadilisha dainamo au ukigeuza betri, kabla ya kurudisha waya wa F gusisha kituo cha F kwa sekunde moja na waya uliotoka kwenye nguzo ya betri isiyo ya ethi, ili dainamo ichaji kwa mwelekeo sahihi.