Ukitoka kwenye utafiti wa picha, ondoka na nini?

Aliyefanya kazi miaka mingi na picha za CT, MRI au hadubini, akiomba kazi kwingine hujaza wasifu wake majina ya mashine. Mashine zinabaki maabara. Anachoondoka nacho ni mazoea ya kupima: kujua ipi ishara, ipi kelele, na namba imetoka wapi. Kwa hiyo andika tatizo na kipimo: kasoro ndogo kiasi gani ilionekana, kwa muda gani, na ngapi zilipita bila kugunduliwa. Kiwanda kinachokagua vidonge kwa kamera kinauliza hayohayo.

Wengi hukimbilia kufundisha modeli za kompyuta. Huko kosa linaloumbua hata watafiti wazuri ni kugawa data kwa picha badala ya kwa mgonjwa. CT moja huweza kuwa na mamia ya vipande, na vipande jirani hufanana mno. Vikiangukia pande zote mbili, za kufundishia na za kujaribia, modeli itang'ara mezani kisha iporomoke mbele ya mgonjwa mgeni. Gawa wagonjwa kwanza. Halafu usisahau kubadili namba ghafi za CT zilizomo kwenye DICOM (aina ya faili za picha za hospitali) kuwa vipimo vya Hounsfield, kipimo cha msongamano ambamo maji ni 0 na hewa ni -1000. Kizidisho na kijumlisho vimo kwenye maelezo ya faili. Kijumlisho kikiwa -1024 nawe ukakiruka, maji yatasomeka 1024.

Kazi za kumwonyesha mwajiri mpya zisitoke kwenye data ya mwajiri wa zamani. Hata kwa ruhusa, kufuta jina kwenye maelezo ya faili hakutoshi: picha za ultrasound mara nyingi zina jina la mgonjwa ndani ya picha yenyewe.

Tumia unachokipenda. Kwangu mimi hakuna kinachofaa kama nyota, maana mwanga ni haba na kila uzembe unaonekana. Unahitaji kamera inayohifadhi RAW (namba ghafi za sensa), stendi na lenzi pana, tuseme ya 24 mm. Kanuni ya zamani ya kugawa 500 kwa milimita za lenzi inatoa sekunde 20 hivi za kuacha mwanga uingie. Kwa kamera za sasa zenye pikseli nyingi ni nyingi mno, nyota zitavutika. Anza na 10. Lenga fokasi kwa mkono, ukikuza nyota angavu kwenye skrini. Alama ya "mbali kabisa" kwenye lenzi usiiamini.

Piga picha 36 zilezile. Kelele ya nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, yaani mara 6. Papo hapo funika lenzi upige 20 za giza, kwa ISO (wepesi wa sensa) na sekunde zilezile. Ukizipiga kesho chumbani, sensa itakuwa na joto jingine na hazitalingana. Kisha tandaza kitambaa cheupe mbele ya lenzi, upige za mwanga sawia zenye mwangaza wa nusu ya kipimo, bila kugusa fokasi wala tundu la lenzi. Ukigusa, madoa ya vumbi hayatakaa mahali pake na utabaki na vipete.

Mpangilio ndio huharibu kazi za wengi. Toa giza, gawanya kwa mwanga sawia, ndipo uzipatanishe nyota na kuunganisha picha kwa wastani unaotupa kwanza namba zilizopotoka mno, ambao hufuta ndege na setilaiti. Ukipatanisha kabla ya kutoa giza, pikseli zenye hitilafu zinasambaa na hazitoki tena. JPEG hazifai hapa, kwa sababu namba zake hazilingani moja kwa moja na mwanga.

Pima mtawanyiko wa namba za pikseli kwenye kipande kidogo cha anga kisicho na nyota, kabla na baada ya kuunganisha. Ukipata upungufu wa mara 4 badala ya 6, usiufiche. Chunguza picha za giza zilizopigwa kwa joto tofauti, au mwanga wa mji unaopanda upande mmoja wa anga, kisha uandike ulichokuta. Anayekuhoji atatumia muda mwingi hapo kuliko kwenye picha yenyewe.