Ubongo wa mwenye sonona hubadilika au la?

Ndugu, umeuliza kama miunganisho ya ubongo hubadilika sonona inapopanda na kushuka. Jibu ni vyote viwili: kuna kinachobadilika na kisichobadilika. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliwapima watu walewale kwa MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili) mara nyingi, kwa miezi. Mtandao wa ubongo unaochuja lipi la kuzingatiwa ulikuwa mpana karibu maradufu kwa wengi wenye sonona, na haukusinyaa hata walipopata nafuu! Kilichopanda na kushuka ni mawasiliano ndani ya mtandao huo, hasa mtu anapopoteza hamu na raha. Upana huo ulionekana hata kwa watoto ambao baadaye waliugua. Ila usikimbilie kupiga picha ya kichwa. Daktari bado anaitambua sonona kwa mazungumzo.