Barua kwa mwanangu: sweta yenye matundu

Mwanangu,

Picha nimeiona. Sweta nyeusi, matundu kila mahali kama imeliwa na nondo, nawe unauliza: "Mama, huu ni ufundi au ni kuwachezea watu akili?" Najua ulitaka mama yako, fundi cherehani, aseme ni uhuni. Sisemi.

Sweta hiyo ni ya Rei Kawakubo, mbunifu wa mavazi wa Tokyo, mwenye kampuni ya nguo ya Comme des Garçons, ya mwaka 1982. Nondo hawamo. Mama huyo alichoshwa na vitambaa visivyo na dosari, akawa anataka skrubu za mashine za kufuma zilegezwe hapa na pale ili mashine zisifanye kazi sawasawa, ziache matundu. Yeye na mbunifu mwenzake wa Kijapani, Yohji Yamamoto, walipopeleka nguo zao Paris mwaka 1981, wapo waandishi waliozifananisha na matambara ya manusura wa Hiroshima. Maneno mabaya, hasa ukijua kwamba mbunifu mwenzao Issey Miyake alikuwa Hiroshima kweli siku ya bomu, mtoto wa miaka saba.

Kinachonikera ni kwamba Kawakubo hakusomea ushonaji. Husimuliwa kwamba aliwahi kuwapa wakataji wake karatasi iliyofinyangwa, akataka nguo ya namna ile. Mteja akiniletea karatasi ya hivyo, namrudishia na nauli yake! Wale ilibidi wakae chini watafute pa kupitisha mkasi. Ufundi unaouuliza uko hapo, mikononi mwao. (Magauni yake ya 1997 yenye vinundu mgongoni na kiunoni, hayo mpaka leo siyawezi.)

Miyake ndiye aliyenimaliza. Unakumbuka sketi yako ya shule? Kila Jumapili jioni napiga pasi rinda moja moja, Jumatano yote yamelala. Yeye aligeuza kazi: nguo inakatwa kubwa, karibu mara tatu ya inavyotakiwa, inashonwa kwanza, halafu inabanwa katikati ya karatasi na kuingizwa kwenye mashine yenye moto. Kwa kuwa ni poliesta, rinda likishaingia halitoki, ufue, uikunje uitie mkobani. Akaiita Pleats Please, mwaka 1993. Nilipoelewa nilicheka peke yangu, kisha nikazionea uchungu zile Jumapili.

Mambo hayo hayakuishia kwao. Mbunifu Mbelgiji, Martin Margiela, aliyafuata akaendelea mbele, mishono ya ndani akaitoa nje, na leo hata maduka ya bei nafuu yanauza nguo zenye kingo zilizoachwa zichanike nyuzi. Lile koti ulilonunua mwaka jana ukaniletea nililipinde, ukidhani fundi wao alisahau, nililipinda vizuri sana, kwa mkono, nikapoteza mchana mzima.

Ukija lilete. Nitalifumua.

Mama yako